Baiskeli moja, magurudumu matatu, na hesabu ya 58

Chumvi ya bahari ndiyo iliyonifikisha hapa. Ukiwa Mombasa na baiskeli ya gia nyingi, ule mkono wa nyuma unaovuta na kuhamisha cheni ndio wa kwanza kuumia: springi imeshika kutu, vigurudumu vyake vimejaa mchanga, kebo imegandana ndani ya ala. Na yote hayo kwa safari gani? Majengo hadi Ganjoni, njia bapa kama sinia. Lakini siku ukitaka kupanda kutoka Miritini kwenda Mazeras, halafu ukunje kuelekea Rabai, gia moja itakushusha usukume.

Baiskeli tatu sina pa kuziweka. Nikaunda moja, ikawa na magurudumu matatu ya nyuma.

Watu huniletea fremu wakinionyesha rangi. Mimi natazama mkato wa nyuma, pale ekseli inapoingia. Mkato ukiwa umesimama, gurudumu lina kikao kimoja tu, huwezi kulivuta nyuma ukaze cheni. Fremu hiyo iache. Mkato ukiwa umelala, inunue hata kama rangi imebabuka yote. Yangu ni ya chuma, ya zamani, niliitoa kwenye mtumba, na nafasi ya katikati ya mikato ni milimita 126. Friwili ya gia sita ilitengenezewa nafasi hiyo hiyo, ikaingia bila maneno. Habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya fiksi (ile inayofunga pedali na gurudumu vizunguke pamoja) ni milimita 120, nikaijaza kwa washa za milimita 3 kila upande. Habu ya gia tatu nayo nikaiongezea washa mpaka ikalingana na wenzake. Rimu zote tatu ni za kipimo cha 622 na upana mmoja. Ukibadilisha gurudumu, breki huzigusi.

Sasa hesabu, na hapa ndipo penye utamu. Kutoka pini hadi pini, cheni ya baiskeli ni milimita 12.7. Ukiongeza jino moja, mbele au nyuma, cheni inakula nusu ya kipande zaidi. Kwa kuwa cheni ina upande wa juu na wa chini, ekseli inasogea mbele robo ya kipande, yaani milimita 3 hivi. Basi nikajiuliza: nikitoa meno mbele na kuyaongeza nyuma kwa idadi ile ile, itakuwaje? Krenki yangu, pale pedali zinapofungwa, ina sahani mbili, meno 42 na meno 38. Nyuma, gurudumu la kwanza hupokea meno pande zote mbili: nikaweka 16 upande wa fiksi na 20 upande wa friwili. 42 na 16 ni 58. 38 na 20 ni 58. Cheni moja, urefu ule ule. Nikigeuza gurudumu, ekseli hurudi nyuma chini ya milimita 2, kiasi ambacho mkato uliolala haukihisi.

Kijana anayenisaidia hakuamini.
"Fundi, cheni italegea."
"Pima."
Akaibonyeza katikati kwa kidole, ikashuka kama sentimita moja. Akanyamaza, akachukua spana.

Ujanja huu si wangu. Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli ya Ufaransa, hayakuruhusu mkono wa kuhamisha cheni hadi 1937. Kabla ya hapo waendeshaji walikuwa wakishuka kwenye baiskeli, wanageuza gurudumu, wanapanda tena mlima.

Upande wa fiksi, pedali hazipumziki; gurudumu likizunguka na miguu inazunguka. Kila pedali zikizunguka mara moja, 42 kwa 16 zinanipeleka mita 5.5 hivi, na mjini zinatosha kabisa. Meno ya fiksi yanakazwa kwa hesi za kulia, na juu yake kuna nati yenye hesi za kushoto. Ukisukuma pedali kinyume ili upunguze mwendo, meno yanataka kufunguka, lakini yakijaribu tu yanaikaza ile nati. Usiikose nati hiyo, na usiibadilishe na nati yoyote ya kulia uliyoiokota kwenye kopo. Na breki zote mbili ziache mahali pake, hata marafiki wakikucheka.

Nageuza upande wa meno 20 wakati wa Kusi, hasa nikirudi kutoka Mtwapa upepo ukinipiga usoni. Hapo naenda mita 4 tu kwa kila mzunguko, lakini nafika nikiwa bado napumua. Cheni hainyooki vizuri upande huu, inalalamika kidogo. Nimeizoea.

Gurudumu la pili lina habu ya Sturmey-Archer AW, gia tatu ndani ya tumbo moja, mbali na mchanga. Nimelivalisha meno 20, na likitumia sahani ya 38 jumla inarudi 58, cheni ile ile. Gia ya kati inakwenda sawa na meno yenyewe, ya chini ni asilimia 75 yake, ya juu asilimia 133. Kwa hiyo napata mita 3, 4 na 5.3. Hili ndilo gurudumu la mizigo ya Kongowea.

Lina tabia moja lazima uijue. Kebo ikilegea, kati ya gia ya pili na ya tatu kuna mahali ambapo habu haishiki kitu. Nilipajulia juu ya daraja la Nyali, nimesimama kwenye pedali, matatu nyuma yangu inapiga honi. Mguu ulizama kama nimekanyaga hewa, nikagonga kifua kwenye usukani. Kosa langu: nilifunga gurudumu haraka asubuhi, kebo sikuipima, na ile washa yenye jino la kuzuia ekseli isizunguke nilikuwa nimeisahau mezani.

La tatu ni la gia sita, meno 14 hadi 28, na hili pekee linadai cheni yake, ndefu zaidi, pamoja na ule mkono. Cheni zote mbili ni nyembamba, za nafasi ya milimita 2.4, kwa hiyo meno yote nikanunua membamba. Jino nene haliingii kwenye cheni nyembamba hata uligonge. Hilo linatoka siku za Rabai tu. Nikirudi nalisafisha kwa maji baridi, nalipaka mafuta, nalitundika nyuma ya mlango wa chumbani likiwa limefungwa kwa leso kuukuu.

Mama watoto anasema leso ile haikuwa kuukuu.