Kijiti cha kasia na kitenzi cha subira: dhana potofu kuhusu neno “thole”

Kila ninapofundisha historia ya Kiingereza, hakosi mwanafunzi wa kunieleza kwa uhakika kwamba thole, yaani kijiti kinachosimikwa kwenye ukingo wa mashua ili kasia lipate pa kuegemea, kiliitwa hivyo kwa kuwa “kinastahimili” nguvu za mpiga makasia. Maelezo hayo yanavutia, ndiyo maana hayafi, lakini si ya kweli. Kiingereza kina pia kitenzi thole, yaani kustahimili, lakini hayo ni maneno mawili yaliyokuja kufanana: katika Kiingereza cha kale kijiti kiliitwa thol, ilhali kustahimili mateso kulikuwa tholian, na kila neno lina shina lake. Nawasihi wanafunzi waache kukimbilia maana, kwa sababu maana hukubali kuunganishwa na chochote, na badala yake watazame lugha ndugu. Waholanzi hukiita kijiti hicho dol, na kustahimili ni dulden. Wajerumani husema Dolle kwa kijiti na Geduld kwa subira. Huko hakuna anayeyachanganya. Nchini Uingereza yalichanganyika kwa sababu kitenzi kilipoteza mwisho wake, yakabaki maneno mawili yenye umbo moja. Katika Kinorse cha kale, lugha ya Waskandinavia wa zamani, thollr lilikuwa mti au kigingi, na maana hiyo inakubaliana na kifaa chenyewe: kwenye mashua ya Nydam, kinamasi kilichoko kusini mwa Denmark, iliyojengwa mnamo mwaka 320 hivi na kufukuliwa mwaka 1863, kila kasia liliegemea pembe iliyochongwa kutoka tawi lenye kiwiko, ikafungwa ukingoni kwa kamba.

Wengine hudai kwamba kitenzi hicho kilitoholewa kutoka Kilatini tolerare. La, hivyo ni vitenzi ndugu vya shina moja la kale, na Waingereza walikuwa na chao muda mrefu kabla ya Wanormani kuwasili kutoka Ufaransa mwaka 1066 na maneno yao yenye asili ya Kilatini.

Wala kitenzi hicho hakijafa. Kinasemwa Scotland na Ireland ya Kaskazini, na sheria ya Scotland bado husema kwamba mtu aliyekwisha kuhukumiwa “ametholi” kesi yake, hivyo kwa kawaida hashtakiwi tena kwa kosa lilelile.

Mwisho, thole si kilete. Kilete ni panda ya chuma inayolikumbatia kasia, lakini kwenye currach, mashua nyepesi za magharibi mwa Ireland, kijiti kimoja huingia katika tundu la kibao kilichopigiliwa kwenye kasia, na kwa hiyo kasia haliwezi kulazwa bapa linaporudishwa nyuma juu ya maji. Ndiyo sababu bapa lake hufanywa jembamba mno, lisikamatwe na upepo.