Mfungwa Akishika Dini: Yanayosemwa Mtaani na Ukweli Wenyewe

Mtu akitoka gereza la Butimba na Biblia kwapani, au akarudi mtaani na kanzu ambayo hakuwahi kuivaa kabla ya kufungwa, Mwanza nzima ina jibu tayari: anatuzuga huyo. Kwa kuwa nimo kwenye kikundi cha parokia kinachotembelea wafungwa, maneno hayo nayasikia kila mara, na yananiuma. Yana uzito kuliko wanaoyasema wanavyodhani, kwa sababu ndiyo yanayomsubiri mtu nje ya geti.

"Wanaigiza ili wapunguziwe kifungo"

Hili linasemwa kuliko yote, kwa hiyo tuanze na sheria. Sheria ya Magereza ya mwaka 1967 inampa mfungwa nafasi ya kupunguziwa theluthi moja ya kifungo kwa bidii ya kazi na tabia njema. Hakuna mahali inapohesabu rakaa wala misa. Parole, yaani kuachiwa mapema kwa masharti, iliyowekewa sheria yake mwaka 1994, inaangalia urefu wa kifungo na aina ya kosa. Aliyefungwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha hafikiriwi, hata awe ndiye mwalimu wa kwaya. Msamaha wa Rais, ulio kwenye ibara ya 45 ya Katiba, kwa kawaida hutolewa kwa makundi yanayotangazwa: wagonjwa, wazee, waliobakiza muda mfupi na kadhalika.

Halafu mfikirie mahabusu wa kesi ya mauaji. Kosa lake halina dhamana, na hukumu hajapata. Hana kifungo cha kupunguziwa, lakini anasali. Aliyefungwa maisha naye anasali, na theluthi ya maisha hakuna anayeweza kuipiga hesabu.

Wanaojifanya wapo, nisiwafiche. Mtafiti wa uhalifu Todd Clear na wenzake waliwahoji wafungwa wa Marekani, na utafiti wao ulichapishwa mwaka 2000. Walikuta sababu za aina mbili. Kuna waliotafuta nafuu ya majuto, tumaini na njia nyingine ya kuishi. Kuna pia usalama, vitu vidogo vidogo, na nafasi ya kukutana na watu wa nje. Kwa ninavyoona mimi, sababu hizo mara nyingi zinakaa ndani ya mtu mmoja, na hakuna ajabu, kwani hata sisi tulio nje hatuendi ibadani kwa sababu moja tu. Kipande cha sabuni kinaweza kumleta mfungwa kwenye ibada siku ya kwanza. Kumfanya ashike sura nzima kwa moyo, halafu amfundishe jirani yake asiyejua kusoma, sabuni haina uwezo huo.

"Ni woga tu, akizoea ataacha"

Woga upo, hasa siku za mwanzo. Lakini kinachomkabili mfungwa kwa muda mrefu zaidi ni swali la yeye ni nani sasa.

Mchukue kijana wa Ukerewe, kwa mfano tu, aliyempiga mwenzake kasia wakigombea nyavu, na mwenzake akafa. Kisiwani hana tena jina lake. Ni yule aliyemuua mtoto wa fulani. Ndani ni mfungwa kati ya wafungwa. Jioni wanahesabiwa na kufungiwa mapema, na kuanzia hapo mpaka asubuhi ni usiku mmoja mrefu, watu wamelala wamebanana, na kila anayefumba macho anaiona siku ile. Mama yake anatakiwa alipe nauli ya kivuko, aje mjini, apange foleni, amwone dakika chache, arudi. Baada ya muda haji tena. Fedha ndiyo imekwisha, mapenzi yapo palepale.

Mtafiti mwingine wa uhalifu, Shadd Maruna, na wenzake waliandika juu ya hali hii mwaka 2006, baada ya kuzungumza na wafungwa 75 wa Uingereza walioshika dini wakiwa kifungoni. Waliona kwamba imani iliwapa hadithi mpya ya maisha yao. Mtu anapata utambulisho mwingine badala ya kuwa mhalifu tu. Miaka ya kifungo inapata maana. Anajiona ana kazi ya kumfanyia Mungu, anapata maneno ya kuzungumzia msamaha, na kesho asiyoijua haimtishi kama mwanzo. Mrudishe sasa yule kijana wa Ukerewe. Akianza kuongoza sala kwenye selo, wenzake wanamwita mtumishi, au ustadhi, au mwalimu. Huenda ni mara ya kwanza tangu akamatwe kuitwa kwa jina la heshima. Sioni namna ya kuliita hilo maigizo.

"Ni padri na shehe wanaowabadilisha"

Viongozi wa dini wanaingia, na ni haki ya mfungwa. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa za Nelson Mandela, zilizopitishwa Desemba 2015, zinasema mfungwa asinyimwe kumwona kiongozi wa dini yake, na akikataa kutembelewa aheshimiwe. Ila padri anakuja na kuondoka. Anayebaki ni yule anayelala mkeka wa pili. Kituo cha utafiti cha Pew kilipowauliza viongozi wa dini 730 wa magereza ya Marekani, kwenye ripoti ya mwaka 2012, karibu robo tatu walisema wafungwa kujaribu kuvutana waingie dini zao ni jambo la kawaida kiasi au la kawaida sana.

Mzazi anayesikitika kwamba mwanawe amehama dini akiwa ndani, ajue pia kwamba ibara ya 19 ya Katiba inampa kila mtu uhuru wa kubadili dini au imani yake, na mfungwa ni mtu.

"Akiokoka kweli, hatarudia"

Hii inasemwa na sisi wa makanisani na misikitini, na ni potofu kama zile nyingine. Huko Texas palikuwa na mpango wa kidini gerezani ulioitwa InnerChange Freedom Initiative. Tathmini yake ilitoka mwaka 2003 na ikashangiliwa sana: waliohitimu waliorudi gerezani ndani ya miaka miwili walikuwa asilimia 8, wakati wafungwa wa kulinganishwa nao walikuwa asilimia 20. Lakini walioingia kwenye mpango walikuwa 177, na waliohitimu ni 75 tu. Ukiwahesabu washiriki wote, waliorudi ni asilimia 24. Mpango mzima haukuwashinda wale ambao hawakuwemo.

Wakosoaji walisema takwimu zimechaguliwa, na walikuwa na haki. Mimi kinachonishika ni sharti la kuhitimu. Pamoja na masomo ya gerezani, mtu alitakiwa akishatoka awe na kazi na awe muumini hai wa kanisa kwa miezi mitatu mfululizo. Kwa hiyo waliohesabiwa kufanikiwa walikuwa, kwa sehemu kubwa, wale waliopata mwajiri na ushirika uliowapokea.

Hapa kwetu tunapeleka kwaya Krismasi, tunapeleka chakula Idi, na ni vema. Kisha mtu huyo anatoka. Anafika Igoma, mwenye nyumba hampangishi. Anashuka Kirumba mwaloni kutafuta nafasi kwenye mtumbwi wa dagaa, tajiri anauliza alikuwa wapi miaka yote hiyo, akijibu ukweli anaambiwa wavuvi wametimia. Jumapili anakaa benchi la nyuma na watu wanavuta mikoba yao. Mwezi wa pili haji tena, na mtaa unasema si tulisema.

Jumuiya yenye kaya kumi na tano haikosi mwenye mtumbwi, fundi au mwenye duka. Miezi mitatu ya kazi ya kutwa, chumba kimoja kilicholipiwa kodi, na mtu wa kumpitia asubuhi waende ibadani pamoja: hayo tunayaweza, na tuyapange mapema, tarehe yake ya kutoka ikishajulikana.