Kinywaji cha Kiongozi Machoni pa Umma

Tarehe 20 Mei 2016, Ikulu ya Tanzania ilitoa taarifa fupi kwamba Rais John Pombe Magufuli ametengua uteuzi wa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, Charles Kitwanga, kwa kuwa aliingia bungeni na kujibu swali linalohusu wizara yake akiwa amelewa. (Utani kuhusu jina la kati la Rais haukukawia, na sitaurudia hapa.) Kwangu mimi, ninayefuatilia uhusiano wa viongozi na wananchi, uzito wa taarifa ile umo katika maneno yake: haikumlaumu waziri kwa kunywa, bali ilitaja mahali alipokuwa, kazi aliyokuwa akiifanya na hali aliyokuwa nayo.

Ndivyo wengi wa bara wanavyolipima jambo hili. Kunywa ni tendo, kulewa ni hali na ulevi ni tabia. Mnywaji huchaguliwa bila shida, ilhali jina la mlevi likishamganda mgombea, hata hoja zake nzuri hazisikilizwi. Si ajabu kwamba kosa kubwa zaidi la kiongozi tunaliita kulewa madaraka. Kilimanjaro, mzee anayepokea kata ya mbege (pombe ya ndizi) kwenye kikao cha ukoo hapungukiwi heshima, wala ulanzi, pombe ya mianzi, haumvunjii mtu hadhi kule Iringa na Njombe. Pwani na Visiwani mizani ni nyingine: kwa Waislamu pombe ni haramu, kiasi chochote kile, na kiongozi anayekunywa hadharani huonekana ameongeza dharau juu ya dhambi.

Wajapani nao walimvumilia kwa muda mrefu Shoichi Nakagawa, Waziri wa Fedha ambaye mapenzi yake ya kinywaji hayakuwa siri. Februari 2009, baada ya mkutano wa mawaziri wa fedha mjini Rome, alizungumza na waandishi wa habari kwa ulimi mzito huku macho yakimfumba. Alisema ni dawa za mafua, na kwamba mvinyo aliuonja tu; siku tatu baadaye alijiuzulu. Kilichobadilika si unywaji wake, bali ni kwamba kamera zilimwonyesha akiwa kazini, kwa jina la taifa.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kisa cha Kitwanga kinathibitisha kwamba Watanzania hawamvumilii kiongozi mlevi. Uwaziri aliupewa na Rais, na ni Rais aliyeuondoa. Ubunge wa Misungwi, ambao alipewa na wapigakura, aliendelea nao hadi muhula ulipokwisha mwaka 2020, kwa sababu sheria zetu haziwapi wananchi njia ya kumrudisha nyumbani mbunge wao kabla ya uchaguzi mwingine. Hukumu tuliyoisikia mwaka 2016 ilikuwa ya Ikulu; wananchi wa Misungwi hawakuulizwa.