Eidita ya bure kwa anayeanza: taja kwanza mashine yako, programu baadaye

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili, "kaka nataka kuanza kuediti video, programu gani ya bure ni nzuri?" Na mi kabla sijajibu huwa nauliza, una mashine gani na unataka kuediti nini. Wengi wanaona kama nakwepa, walitegemea nitaje jina moja waende wakashushe. Lakini kiukweli jina linakuja la tatu. La kwanza ni kompyuta au simu uliyonayo sasa hivi, la pili ni aina ya video inayotoka kwenye kamera yako, maana hizi programu za bure zinazojulikana zote zinajua kukata, kuunga, kuweka maandishi na muziki, tofauti ni zinaidai nini mashine yako na zinakufanyia nini siku unataka kutoa kazi uikabidhi kwa mteja.

Mimi kazi yangu ni hiyo, harusi, sendofu, ibada, matangazo madogo ya biashara hapa Dar, na vijana wanaokuja kujifunza wengi wao wana laptopu za mtumba, HP, Dell, Lenovo zilizomaliza muda wake maofisini huko nje, i5 ya zamani, RAM GB 4 au 8, haina kadi ya picha ya peke yake na ndani ina diski ngumu ya kawaida. Ni mashine nzuri tu, usiidharau. Sasa huyu kijana anaingia YouTube, anakuta kila mtu anasema DaVinci Resolve, anatumia bando lake kushusha faili la zaidi ya GB 2, anaweka, anafungua, laptopu inaganda, na anachoondoka nacho kichwani ni kwamba kuediti ni kugumu au kwamba yeye hana kipaji. Hilo linaniuma sana kwa sababu si kweli, amepewa tu programu ambayo haikutengenezwa kwa mashine yake.

Niseme wazi, Resolve naipenda na ndo naitumia kwenye kompyuta kubwa. Ni ya kampuni ya Blackmagic Design ya Australia, waliinunua da Vinci mwaka 2009, wakati ule ikiwa mtambo wa kurekebisha rangi wa studio za filamu unaouzwa kwa mamia ya maelfu ya dola, wao wakaja kuigeuza programu ya kawaida na wakatoa toleo la bure. Hilo la bure sio la kuonjesha. Linatoa video mpaka 4K ya 3840 kwa 2160, fremu (picha) 60 kwa sekunde, bila nembo yoyote ya programu juu ya video, na ukitaka toleo la Studio ni dola 295 unalipa mara moja basi. Ila linataka RAM GB 16 na kadi ya picha ya maana. Kama huna hivyo viwili usijitese, lipo tu, utalikuta siku ukipata mashine. Na wewe unayetumia Linux ujue mapema kwamba toleo la bure la Resolve kwenye Linux halifungui video za H.264, yaani zile za kawaida kabisa zinazotoka kwenye simu, utaingiza klipu uone hakuna kitu.

Hapo ndo nafika kwenye jambo ambalo watu hawalitaji kabisa na ndo linaloua laptopu nyingi: kodeki, yaani namna video inavyobanwa ndani ya faili. Simu mpya zinarekodi kwa H.265, wengine wanaiita HEVC, inabana faili likawa dogo. iPhone kwa mfano, dakika moja ya 1080p fremu 30 ni kama MB 60 kwa HEVC na kama MB 130 kwa H.264. Unaona ni nusu, inavutia, hasa kama simu imejaa. Lakini kile kilichobanwa lazima kifunguliwe kila fremu wakati unaediti, na prosesa za Intel zilianza kuwa na sehemu maalum ya kufungua HEVC ya biti 8 kuanzia kizazi cha 6, ile ya biti 10 kizazi cha 7. Laptopu yako ikiwa ni ya kizazi cha 4, kazi yote hiyo inabebwa na prosesa peke yake, feni inalia, picha inarukaruka, wewe unalaumu programu na kushusha nyingine, nayo inakuwa vilevile. Kwahiyo kabla ya kubadilisha eidita badilisha mpangilio wa kamera. Kwenye iPhone nenda settings, Camera, Formats, chagua Most Compatible. Kwenye Samsung na Android nyingine tafuta kwenye settings za kamera palipoandikwa high efficiency au HEVC, zima. Faili zitakuwa kubwa lakini laptopu itapumua.

Na rekodi 1080p. Najua simu inaweza 4K, lakini kazi yako inaenda kutazamwa kwenye WhatsApp na Instagram, kwa sasa 1080p inakutosha kabisa.

Haya, sasa kwa laptopu ya GB 8 mi nasema Shotcut au Kdenlive. Zote ni programu huria, hakuna kampuni itakayoamka siku moja ifunge nusu ya vitu na kukudai, hazina nembo, hazikuombi ujisajili wala ufungue akaunti, na ukishashusha unaweza ukaihamishia kwa mwenzako kwa flashi na ni halali kabisa. Kdenlive ilianza mwaka 2002 na sasa iko chini ya jumuiya ya KDE. Zote mbili kwa ndani zinaendeshwa na injini moja inaitwa MLT, kwahiyo uwezo wake unakaribiana, ila sura ni tofauti. Shotcut ni tulivu, madirisha machache, mtu anayeanza anaielewa haraka ila inakutaka uzoee kwamba karibu kila kitu, hata ukubwa wa picha na sauti kupanda na kushuka, kinafanyika kwa filta. Kdenlive imepangwa kama eidita kubwa za kulipia, treki (mistari ya kupanga klipu) nyingi, madirisha ya kuhamisha unavyotaka, ukija kuhamia Resolve baadaye hutajiona mgeni. Nikiambiwa nichague moja kwa kijana anayetaka hii iwe kazi yake nasema Kdenlive, kwa mwalimu au mama wa biashara anayetaka video za wiki zitoke tu nasema Shotcut.

Kilichofanya hizi mbili nizing'ang'anie ni proksi, na zote wanayo, hata Resolve anayo. Programu inatengeneza nakala ndogo nyepesi ya kila klipu yako, Shotcut kwa kawaida inatengeneza ya pikseli 540 kwenda juu, wewe unakata na kupanga kwa kutumia hiyo nakala nyepesi, alafu ukifika wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, programu yenyewe inarudi kuchukua zile klipu halisi. Ubora haupotei hata kidogo. Kutengeneza proksi kunachukua muda, uache mashine ifanye huku unakula, lakini baada ya hapo laptopu ambayo ilikuwa inaganda kwenye klipu moja inapitisha taimlaini nzima ya harusi. Nimeona watu wakikata tamaa na laptopu zao wakati kitu pekee kilichobaki kilikuwa kuweka tiki kwenye kijisanduku cha proksi.

Kingine kinachowachanganya wanaoanza ni sauti kuachana na mdomo. Mwanzoni iko sawa, dakika ya kumi mtu anaongea na sauti inachelewa. Sababu yake mara nyingi ni kwamba simu hairekodi fremu kwa mwendo mmoja, inapanda 30 inashuka 27 kutegemea na mwanga na joto la simu, na programu za kuediti zinataka mwendo usiobadilika. Shotcut ukiingiza klipu ya hivyo inakuambia na inakupa nafasi ya kuigeuza iwe rafiki kwa kuediti, Kdenlive nayo inakuuliza, we kubali. Kama eidita yako haina hiyo, shusha HandBrake, nayo ni ya bure, pitisha klipu humo, kwenye sehemu ya fremu chagua constant, basi.

Kama huna kompyuta kabisa, simu inatosha kuanzia na wala usione aibu. CapCut ndo maarufu, ni ya ByteDance, wenye TikTok, na kwa video fupi za wima ni nyepesi na inakufundisha kasi ya kukata. Ila angalia mambo matatu. Mwishoni inakubandikia kipande chenye jina lao, ufute kabla ya kutoa. Efekti nyingi na templeti ziko upande wa Pro, na ubaya ni kwamba unaweza kuediti saa nzima ukiwa umechanganya vya bure na vya kulipia, ukibonyeza kutoa ndo unaambiwa lipia, kwahiyo angalia ile alama ya Pro kabla hujagusa kitu. La tatu, projekti zako zinakaa ndani ya apu, ukiifuta au simu ikipotea na hukuwa umehifadhi kwao mtandaoni, zimeenda. VN nayo iko vizuri, haina nembo, taimlaini yake iko wazi, na mi ndo nampa mtu wa simu kwanza. InShot inaweka nembo lakini unaiondoa kwa kutazama tangazo, KineMaster ya bure inaacha nembo mpaka ulipie. Wenye iPhone au Mac wana iMovie tayari, ya bure, ila treki za video ni mbili tu. Wenye Windows 11 wana Clipchamp ya Microsoft, inatoa 1080p bila nembo, lakini inataka uingie na akaunti. Ile Movie Maker ya zamani mnayoiuliza, Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017, ukiona tovuti inakuambia shusha Movie Maker mpya hapa, toka mbio.

Ukiangalia hapo utaona neno bure linabeba vitu tofauti kabisa. Kuna bure ya programu huria, kuna bure ya kampuni inayouza kamera na vifaa kama Blackmagic ambayo inafurahi wewe uzoee programu yao, na kuna bure inayokusubiri mlangoni wakati wa kutoa kazi. Hiyo ya mwisho ndo inayoaibisha, umeshamwahidi bibi harusi video Jumamosi, unarenda, katikati ya uso wake kuna nembo kubwa. Resolve nayo, japo ya bure haina nembo, ukitumia efekti ambayo ni ya Studio pekee inakuwekea alama juu ya picha, toa hiyo efekti na alama inaondoka.

Kuhusu kraki. Najua Premiere, eidita ya kulipia ya Adobe, ya kraki, yaani iliyovunjwa ulinzi ili isilipiwe, inapatikana kwenye kila duka la kurekodi nyimbo na kuna fundi atakuwekea kwa elfu kadhaa. Nawaomba sana, achana nayo. Kwanza si haki. Pili ili ikae anakuambia zima antivairasi, yaani umefungua mlango mwenyewe kwenye kompyuta yenye picha za wateja wako na namba zako za siri. Kwa bei ya sifuri kabisa una Kdenlive safi.

Kwahiyo fanya hivi kabla hujaamua. Chukua klipu zako halisi, sio za mtandaoni, tengeneza video ya dakika mbili yenye vipande kama kumi, muziki chini, jina la mtu juu, na sehemu moja ya mtu anaongea. Fanya mpaka mwisho, irende, ihamishie kwenye simu ya mtu mwingine uitazame kule. Angalia nembo, angalia sauti kama inaendana na mdomo, angalia muda wa kurenda. Alafu funga programu, fungua tena, uone projekti inafunguka ikiwa na kila kitu, na hakikisha kuhifadhi kwenyewe kumewashwa, maana umeme wetu mnaujua na betri za hizi laptopu za mtumba nyingi zimechoka. Programu iliyopita hapo ndo yako, kaa nayo miezi, usihame kwa sababu jirani amehama. Klipu zote weka kwenye folda moja ya projekti kabla hujaanza, ukizihamisha katikati programu itazitafuta izikose, na kwa Resolve kumbuka projekti inakaa kwenye databesi yake, sio faili unaloliona kwenye folda, lazima uitoe mwenyewe ukitaka kuibeba.

Na kwa wale ambao kazi yao ni kukata tu, mfano una mahubiri ya saa moja na nusu unataka kutoa dakika za mwanzo na mwisho, huhitaji eidita yoyote kati ya hizo. Shusha LosslessCut au Avidemux, unaweka alama pa kuanzia na pa kuishia, inakata bila kurenda upya, faili la saa nzima linatoka ndani ya muda mfupi sana na ubora ni ule ule, ila mkato unaweza ukateleza sekunde moja mbili kwa sababu inakata kwenye fremu kuu tu, zile chache zilizohifadhiwa picha nzima. Ukimtumia mchungaji kwa WhatsApp itume kama dokumenti, sio kama video, dokumenti inapita mpaka GB 2 bila kubanwa. Na yeye akikutumia klipu za kuediti mwambie hivyo hivyo, maana ikishabanwa na WhatsApp njiani hakuna eidita, ya bure wala ya kulipia, itakayoirudisha.