Shika spindo uitikise kwanza

Juzi kijana mmoja wa Kongwa alinipigia simu. "Shikamoo fundi. Nimepata mashine ya kukereza, mota yake hosipawa moja na nusu, bei nzuri. Nichukue?" Nikamuuliza, mwanangu, unataka kukereza nini? Akanyamaza kidogo. "Matendegu ya vitanda, fundi." Nikamwambia basi achukue futi kamba, arudi akapime, ndipo tuzungumze habari za mota.

Karibu kila anayenitafuta hapa Dodoma huanza na mota. Naelewa, maana namba yake imeandikwa kwa herufi kubwa ubavuni. Lakini mota ndiyo kitu rahisi kuliko vyote kubadilisha. Usichoweza kubadilisha ni urefu wa reli (vile vyuma virefu vya chini vinavyobeba mashine), kimo cha spindo (ule mhimili unaozungusha mti) na uzito wa chuma chenyewe.

Pima hivi. Kutoka katikati ya spindo mpaka kwenye reli, zidisha mara mbili: hicho ndicho kipenyo kikubwa kabisa cha bakuli utakachoweza kuzungusha juu ya reli. Ukipata sm 15, bakuli lako haliwezi kupita sm 30. Halafu pima urefu wa mti utakaoingia: kutoka ncha ya mbele, kwenye spindo, hadi ncha ya kichwa cha nyuma, kile kinachoteleza juu ya reli kushikilia mwisho wa mti, kikiwa kimerudishwa mwisho kabisa. Meza ya chakula ina kimo cha sm 75 hivi, na mashine nyingi ndogo za bei nafuu huishia sm 40 au 45. Kama wewe ni wa bakuli na vifimbo vya chapati, ndogo inakutosha. Kama ni fundi samani, tafuta ndefu, au ile ambayo reli yake inaungwa kwa bolti.

Sasa spindo. Zima umeme, legeza mkanda, kamata ile sahani ya chuma iliyofungwa kwenye spindo kwa mikono miwili. Ivute juu, ikandamize chini, isukume ndani, ivute kwako. Mkono unasikia kabla ya sikio: kama kuna kamchezo, hata ka unene wa karatasi, beringi imekwisha au nyumba yake, yaani tundu inamokaa, imelegea. Beringi peke yake si kesi. Uliza namba, kama ni ya kawaida, mfano 6205, yenye tundu la mm 25, utaipata kwenye duka la beringi bila kusafiri hadi Kariakoo. Nyumba ikilegea, iache mashine hapo hapo ulipoikuta. Kisha sogeza kichwa cha nyuma mpaka ncha mbili zikaribie kubusiana. Zisipokutana uso kwa uso, kila tundu utakalotoboa kutokea nyuma litakwenda upande.

Mwisho simamisha sarafu ya shilingi mia mbili kwa ukingo wake juu ya reli, uombe mashine iwashwe bila mti. Ikisimama mpaka mwendo utulie, hiyo mashine imekaa vizuri. Ikianguka, angalia kwanza kama miguu imekaa sawa sakafuni, kisha rudia.

Kuhusu umeme, soma kibati cha mota. Wetu ni volti 230, hezi 50. Mtumba wa Marekani ni volti 115 au 120, hezi 60. Transfoma itakurekebishia volti tu, hezi zitabaki zetu 50, na mwendo wa mota hufuata hezi, kwa hiyo mota iliyoandikwa mizunguko 1,725 kwa dakika itakwenda kama 1,440 na itapata joto zaidi. Ukikuta mashine nzito ya zamani ya chuma cha kumimina, inauzwa rahisi kwa sababu mota yake ni ya fezi tatu, si fezi moja kama umeme wa kawaida wa nyumbani, hapo simama. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Vua ile mota, funga ya fezi moja, na utakuwa na mashine itakayomfaa hata mwanao.

Mimi mwenyewe niliwahi kununua mpya, nyepesi, ya kubadilisha mwendo kwa kitufe. Siku moja umeme ulikatika na kurudi kwa kishindo, bodi ya ndani ikaungua. Muuzaji hakuwa na nyingine. Mashine ilikaa miezi imefunikwa gunia huku oda za watu zikisubiri. Iliniuma sana. Tangu hapo nashauri puli za ngazi, zenye vipenyo tofauti vilivyopangana: ukitaka kubadilisha mwendo unahamisha mkanda kwa mkono, na mkanda ukikatika unanunua mwingine leo leo. Hakikisha tu mwendo wa chini ni wa chini kweli. Bakuli la sm 30 linataka mizunguko 500 hadi 700 kwa dakika, na gogo ambalo halijawa duara linataka pungufu ya hapo. Tendegu jembamba linaweza kwenda 2,000 na zaidi.

Mashine za kukereza zilizoundwa kwa kuchomelewa hapa hapa mtaani sizidharau. Shida yake ni wepesi, inatetemeka. Jaza mchanga mkavu wa korongo ndani ya miguu yake, weka na magunia mawili kwenye rafu ya chini, utaona tofauti.

Pesa usiimalizie kwenye mashine. Ukiwa na milioni moja, laki sita ziende huko. Zinazobaki ni za patasi, grenda ya kunolea, miwani ya uso mzima na barakoa, kwa sababu vumbi la mninga na la mkongo huwasha pua na kifua. Patasi ya kukwangulia unaweza kufuliwa kutokana na springi ya gari. Ya tupa kuukuu usikubali kabisa: tupa ni ngumu lakini hukatika kama kioo, na kipande kitakachoruka kipo usawa wa uso wako.

Kijana wa Kongwa alipiga tena jioni. Ncha kwa ncha, sm 42. Matendegu yake ni sm 60. Ameiacha, na wiki ijayo tunakwenda wote kuangalia moja ya fezi tatu iliyolala kwenye karakana huku Kizota.