Riwaya ya mama wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, baada ya vita: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Vita viliisha 2003, kwa hiyo hadithi ianzie hapo."

Kwenye karatasi, ndiyo. Mazungumzo ya amani ya Sun City, Afrika Kusini, yalifungwa Aprili 2003 na serikali ya mpito ikaanza kazi Kinshasa mwaka uleule. Lakini Juni 2004 askari wa makamanda walioasi, Nkunda na Mutebusi, waliuteka mji wa Bukavu, watu wakaporwa. Februari 2025 ukatekwa tena, safari hii na waasi wa M23. Mwandishi anayemstarehesha shujaa wake mwaka 2003 na kufunga kitabu ameandikia wageni. Anayeijua kalenda atamfanya mama wa Kadutu, mtaa wa Bukavu, akope, ajaze meza yake bidhaa mwezi Mei 2004, na msomaji wa Bukavu ataanza kuogopa kabla risasi haijasikika.

"Mwanamke wa Kivu lazima awe mhanga wa ubakaji."

Kwamba ubakaji ulitumika kama silaha, hakuna wa kubisha. Daktari Denis Mukwege alianzisha Hospitali ya Panzi mjini Bukavu mwaka 1999 akitaka akina mama wajifungue salama. Vita vikamletea wagonjwa wa aina nyingine, na mwaka 2018 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Ila mhusika anayepewa jeraha hilo tu, bila kazi wala ulimi mkali wala madeni, hajawa mtu bado. Mpe likelemba. Wanawake wa soko wanachanga kila wiki, fungu zima linachukuliwa na mmoja kwa zamu. Sasa yule aliyekula zamu ya kwanza alikimbia mapigano, amerudi miaka mitatu baadaye, anauza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, meza ya pili kutoka kwa wale aliowaachia deni. Kila asubuhi wanamsalimia, "Jambo, mama," na hakuna anayeitaja ile pesa. Hapo kuna sura nne za riwaya, na hakuna bunduki.

"Mume akipotea vitani, mke anakuwa mjane na kuanza upya."

Hili ndilo kosa ninaloliona zito kuliko yote, kwa sababu linaitupa sehemu nzuri ya hadithi. Aliyepotea si marehemu. Maiti haijaonekana, matanga hayajakaliwa, na sheria bado inamhesabu mama kuwa mke wa mtu. Sheria ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mumewe kabla ya kujifunga kwa mkataba. Mume asipoweza kuitoa, mahakama iliweza kuitoa badala yake. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2016 tu. Sokoni hakuna aliyemwuliza mtu ruhusa. Mambo yalibana pale penye saini: mkopo, kiwanja, hati. Kwa hiyo shujaa wako wa mwaka 2003 hawezi kuingia benki, kutia saini na kutoka anatabasamu. Atasimama mbele ya karani akiulizwa mume yuko wapi. Akijibu "amekufa," mashemeji watadai amemzika ndugu yao akiwa hai ili ale nyumba. Akijibu "sijui," karatasi inarudi mezani. Na je, mume akitokea siku moja na amekuwa na mke mwingine Kisangani?

"Ni hadithi ya kubuni, tarehe hazina uzito."

Waulize waliokuwepo. Mji wa Bukavu ulipoanguka Oktoba 1996 nchi ilikuwa Zaire, na iliitwa hivyo hadi Mei 1997. Faranga ya Kongo ilitoka Juni 1998, kwa hiyo mama anayekimbia mwaka 1996 hawezi kuishona kwenye pindo la kikwembe. Ana zaire mpya, au dola kama amebahatika. Simu ya mkononi pia hana. Habari za mwanawe zitamfikia kwa mtu aliyeshuka kwenye boti kutoka Goma, na huyo mtu anaweza kuwa amekosea jina.