Je, wajua? Mwigizaji aliyelikimbia jukwaa akiwa kileleni

London, mwaka 1976. Kampuni ya Royal Shakespeare iko katika maonyesho ya awali ya The Iceman Cometh, mchezo wa Mmarekani Eugene O'Neill unaochukua karibu saa nne kuuonyesha. Walevi wa baa moja ya New York wanamsubiri Hickey, muuzaji wa kuzungukazunguka ambaye kila mwaka huja kuwanunulia pombe. Akishafika, Hickey hanyamazi. Anayemwigiza ni Ian Holm, mwenye umri wa miaka 44, na huyo si mwanafunzi: amekanyaga jukwaa la Stratford, mji alikozaliwa Shakespeare, tangu miaka ya 1950, akianza na vijisehemu vya askari wa kushika mkuki mpaka kufikia kuwa wafalme wa Shakespeare, Henry V na Richard III. Mwaka 1967 alitwaa Tony, tuzo kuu ya michezo ya jukwaani Marekani, huko New York kwa kumwigiza Lenny katika The Homecoming ya Harold Pinter.

Halafu, katikati ya onyesho, maneno yakamkimbia. Akatoka jukwaani, na nafasi yake ikachukuliwa na mwigizaji wa akiba. Ukiondoa jaribio moja mwaka 1979 kwenye ukumbi mdogo wa Hampstead, hakurudi kwenye michezo ya jukwaani mpaka 1993.

Sasa, mtu aliyefanya kazi hiyo zaidi ya miaka 20 anaisahau vipi?

Hakuisahau. Aliyewahi kughani shairi mbele ya shule nzima akakwama ubeti wa pili anajua kwamba ubeti haukupotea. Ukishuka tu jukwaani, huo unakujia wote bila kuitwa. Kinachotokea ni kwamba mwili unaona macho mia kadhaa gizani na kuyachukulia kama hatari. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, kinywa kinakauka, na akili inaacha mengine yote ili itafute mlango wa kutokea. Mgeni wa jukwaa hupatwa na hali hii dakika za mwanzo, kisha hutulia.

Kwa mkongwe, shida huwa nyingine. Maneno aliyoyakariri kwa wiki nyingi za mazoezi hutoka yenyewe, kama miguu inavyoshuka ngazi. Jaribu kushuka ngazi huku ukijiuliza sasa ni zamu ya mguu upi: utajikwaa. Mwigizaji akianza kujisikiliza katikati ya hotuba, akajiuliza sentensi ijayo inaanzaje, ndiyo basi. Na likishatokea mara moja, usiku unaofuata anapanda jukwaani akilisubiri. Laurence Olivier, aliyehesabiwa mkubwa kuliko wote Uingereza, alipatwa na hofu hiyo hiyo akiwa na umri wa miaka hamsini na kitu, akafikia kuwaomba wenzake wasimtazame machoni wakiwa jukwaani. Babake Holm alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, lakini mganga hajigangi, sembuse mwanawe.

Ndipo kamera ikamwokoa. Filamu hukatwa vipande vya dakika moja au mbili; ukikosea, mwongozaji anasema tena, na hakuna aliyelipa kiingilio. Mwaka 1979 Holm alikuwa Ash katika Alien, filamu ya chombo cha angani: ofisa wa sayansi mpole mno hadi kichwa chake kinapopigwa na kung'oka, majimaji meupe kama maziwa yakatapakaa, tukagundua kumbe ni roboti. Mwaka 1981 alimwigiza Frodo katika The Lord of the Rings ya redio ya BBC, na redioni karatasi ya maneno iko mkononi! (Miaka 20 baadaye akawa Bilbo kwenye sinema, vijana wengi wanamjua kwa huyo tu.)

Kama unataka kuona alichokuwa nacho, tazama dakika chache za Chariots of Fire, ya mwaka huo huo wa 1981. Holm ni Sam Mussabini, kocha wa mkimbiaji Harold Abrahams kwenye Olimpiki ya Paris ya 1924. Kwa kuwa ni kocha wa kulipwa, haruhusiwi uwanjani. Amekaa peke yake kwenye chumba cha hoteli. Mlio wa bastola anausikia, mbio zenyewe hazioni. Kisha wimbo wa taifa unapenya dirishani, bendera ya Uingereza inapanda, na mzee anavua kofia yake ya ukindu na kuipiga ngumi hadi inatoboka. Hana wa kumkumbatia. Kwa sehemu hiyo aliteuliwa kuwania Oscar.

Hakuwa na sura ya bango. Urefu wake ulikuwa kama sentimita 165. Waongozaji walijua la kuufanyia huo ufupi: alimwigiza Napoleon mara tatu.

Aliyemrudisha ukumbini ni Pinter yuleyule, kwa mchezo wa Moonlight kwenye ukumbi wa Almeida. Holm alikuwa Andy, mtu anayekufa, ambaye muda mwingi yuko kitandani. Sijui kama kuna aliyelipanga hilo, lakini kwa mtu ambaye jukwaa lilimtoa mbio, kitandani si mahali pabaya pa kuanzia.

Miaka minne baadaye, 1997, alichukua sehemu ya King Lear, mfalme mzee wa Shakespeare, kwenye ukumbi wa Cottesloe, mdogo kiasi kwamba waliokaa mbele wangeweza kumsikia akihema. Alikuwa na miaka 65. Lear anapopigwa na dhoruba nyikani, Holm alivua nguo zote, akasimama uchi mbele yao, akaendelea na maneno yake. Mwaka 1998 alipewa tuzo ya Olivier, tuzo kuu ya jukwaa la Uingereza, kwa sehemu hiyo.